Peris, Insulini na Mbegu Mpya za Pamba

Kila asubuhi, kabla ya chai, Peris alipima sukari kwa tone la damu ya kidoleni. Kisha alikwenda kwenye chungu kilichokaa pembeni mwa jikoni, akatoa chupa ndogo ya insulini, akajidunga sindano tumboni. Jioni kabla ya chakula alijidunga tena. Hakuhitaji kukumbushwa. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu alipopatikana na ugonjwa wa kisukari, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa nyumbani kwao Wusi.

Kisukari chake si kile ambacho watu wengi hupata ukubwani na kupewa vidonge. Chake ni kile ambacho mwili umeacha kabisa kutengeneza insulini. Insulini ndiyo inayotoa sukari ya chakula kwenye damu na kuiingiza mwilini iwe nguvu. Mtu asipokuwa nayo anaweza kula akashiba, na mwili wake ukabaki na njaa.

Sasa Peris aliishi Marungu na mume wake, Musyimi, Mkamba ambaye wazazi wake walihamia huko kabla hajazaliwa. Walikuwa na binti mmoja, Abby, aliyekuwa gredi ya sita. Nyumba yao haikuwa na friji. Ndiyo maana insulini ilikaa chunguni. Chungu hicho kilikuwa ndani ya chungu kingine kikubwa, na katikati ya vyungu hivyo viwili palijazwa mchanga uliomwagiwa maji asubuhi na jioni. Hata jua la Januari lilipowaka, ndani mle palikuwa baridi.

Walikuwa na mbuzi, ndengu kidogo, na ekari mbili za pamba. Mahindi waliyaacha zamani. Ndovu walikuwa wakitoka mbugani yakishakomaa na kuyamaliza kwa siku moja. Pamba ndovu hawakuihangaikia sana. Adui wa pamba alikuwa mdogo kuliko msumari. Alikuwa funza.

Funza hutoka kwenye mayai ya nondo. Akishatoka hutoboa kitumba cha pamba kikiwa bado kibichi, akaingia, akala kilichomo. Ukimwona nje, ndani ameshaharibu. Kila msimu Musyimi alibeba pampu ya dawa mgongoni mara nane, mara kumi. Alirudi nyumbani macho mekundu, mikono ikimwasha, na usiku akikohoa. Pamoja na dawa yote hiyo, mwaka ule karibu nusu ya vitumba vilipasuka vikiwa na pamba ya kahawia, iliyoshikana kama uji uliokauka. Kiwandani hawakuitaka.

Wakulima wa pamba wa hapo walikuwa na kikundi cha watu ishirini na watatu. Mwenyekiti wao alikuwa Peris. Walimchagua kwa sababu alikuwa mtu wa neno moja. Akisema kitu, hicho ndicho alichofanya.

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua za vuli, afisa wa kilimo aliyeitwa Hudson alikuja kwenye mkutano wa kikundi. Alikuwa kijana mchapakazi, mwenye haraka. Aliweka mfuko wa mbegu mezani na kuwaeleza kwamba hizo ni mbegu za pamba ambayo funza wakiila wanakufa. Akasema wataalamu wamechukua kipande kimoja kutoka kwa kijidudu cha udongoni na kukitia ndani ya mbegu.

Watu walianza kunong'onezana. Mama mmoja aliyeitwa Ndulu, mjane mwenye shamba linalopakana na la Peris, aliuliza kama hiyo ndiyo GMO, mimea iliyobadilishwa jeni.

Hudson alikubali kwamba ndiyo.

Peris alikuwa amesikia mengi kuhusu GMO. Kwenye simu yake kulikuwa na ujumbe uliozungushwa na watu wa kanisa, wa soko na wa shule. Ujumbe mmoja ulisema ardhi ikipandwa mbegu hizo haizai tena. Mwingine ulisema wanaume wanakosa watoto. Mwingine ulikuwa na picha ya mtu mwenye vidonda. Hakujua ni nani aliyeziandika habari hizo kwanza. Lakini maneno yakirudiwa mara nyingi yanaanza kufanana na ukweli.

Alisimama akasema kikundi hicho hakitapanda mbegu hizo. Alisema Mungu aliumba pamba ikiwa pamba na kijidudu kikiwa kijidudu, na yeye hataki kitu kilichochanganywa kiingie katika shamba lake wala katika mwili wa mtu wa nyumba yake. Wanachama walimpigia makofi.

Hudson alikuwa amesafiri juani, na makofi yale yalimchoma. Alirudisha mfuko wake kwenye begi. Alikuwa amewahi kusikia kwamba mwenyekiti ana kisukari, na kabla ya kuondoka alisema, "Mama mwenyekiti, hata hiyo insulini unayojidunga kila siku imetengenezwa kwa ujuzi huohuo. Ni kijidudu kimetiwa jeni. Sasa hiyo mbona unaikubali?"

Hudson aliwasha pikipiki yake akaenda. Moyoni alidhani ameshinda, na kwamba wakikutana tena mama yule atakuwa amefikiri vizuri.

Peris alifikiri kweli, ila alifikiri kwa njia nyingine.

Jioni ile alitoa karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya insulini. Ilikuwa na maandishi madogo ya Kiingereza, na hakuwahi kuisoma. Alimwita Abby, akamweleza aliyosema afisa, wakaisoma pamoja kwa kidole. Maneno mengi yaliwashinda. Lakini mahali fulani palisema kwamba dawa hiyo ni insulini ya binadamu iliyotengenezwa kwa uhandisi wa jeni. Abby alijua neno jeni kutoka darasa la sayansi.

"Kumbe afisa alisema ukweli," mtoto alisema.

Peris alikunja karatasi akairudisha mahali pake. Kulikuwa na watu ishirini na wawili ambao walimpigia makofi. Alikuwa amewaambia kitu kilichochanganywa hakitaingia mwilini mwa mtu wa nyumba yake, na kumbe kilikuwa kikiingia katika mwili wake mara mbili kwa siku. Aliona aibu. Halafu, nyuma ya aibu, ikaja hofu. Kama yale maneno ya kwenye simu ni kweli, basi miaka kumi na minne amekuwa akijidunga nini?

Kesho yake asubuhi hakufungua chungu.

Hakumwambia Musyimi. Alijua angemkataza. Alichemsha majani machungu ambayo mwanamke mmoja wa sokoni aliwahi kumsifia, akanywa kikombe kizima. Akajiambia atakula kidogo na kufanya kazi sana, na sukari itashuka yenyewe.

Siku ya kwanza alisikia kiu. Alikunywa maji, akaenda msalani, akarudi akanywa tena. Mashine ya kupima sukari ilionyesha namba kubwa. Aliizima. Siku ya pili miguu ilikuwa mizito na ulimi ulikauka kama ngozi. Mchana alilala, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Musyimi alimwuliza kama anaumwa. Akajibu ni jua tu.

Siku ya tatu alfajiri alitapika majani yote. Tumbo lilimkata. Abby alipoleta chai alimkuta mama yake ameketi kitandani, anapumua kwa nguvu na kwa kina kama mtu aliyepanda mlima mbio. Mtoto alimkaribia, akasikia pumzi yake ina harufu tamu ya ajabu, kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Abby alikwenda chunguni. Alimwambia baba yake kwamba insulini ndani ya chupa haikuwa imepungua hata kidogo tangu siku waliposoma karatasi.

Musyimi alikimbia kwa jirani mwenye gari la kubebea mizigo. Walimlaza Peris juu ya godoro nyuma ya gari, Musyimi akimshika kichwa, wakashika barabara ya Voi. Njiani Peris alijaribu kusema kitu kuhusu mkutano, lakini maneno hayakufuatana. Kabla hawajafika, aliacha kujibu.

Hospitalini walimwekea dripu ya maji na insulini. Daktari alimweleza Musyimi kwamba mwili ukikosa insulini hushindwa kutumia sukari, ukaanza kuchoma mafuta yake wenyewe. Mafuta hayo yakichomwa hivyo huacha asidi kwenye damu, na asidi hiyo huua. Kama wangesubiri hadi jioni, alisema, huenda wangemleta maiti.

Musyimi alikaa kwenye benchi la korido hadi saa tisa alasiri. Hakula. Saa tisa muuguzi alimwambia mke wake amefungua macho na ameuliza kama mbuzi wamefunguliwa.

Siku ya pili hospitalini, Sista Gertrude alikuja kando ya kitanda. Huyu ndiye muuguzi wa kliniki ya kisukari, na alimjua Peris kwa miaka mingi. Ndiye aliyemfundisha kutumia vyungu viwili na mchanga. Alivuta kiti akaketi. Hakumgombeza. Alimwuliza tu kilichotokea, na Peris, ambaye hakuwa amemwambia hata mume wake, alimwambia yote: mbegu, makofi, maneno ya Hudson, karatasi, majani.

Sista Gertrude alimsikiliza hadi mwisho.

"Afisa hakukudanganya," alisema. "Lakini alikupa nusu ya maneno, akaondoka. Mimi pia nina kosa. Nimekupa dawa hii miaka yote na sijawahi kukueleza inatoka wapi."

Alianza kumweleza pole pole. Zamani, alisema, insulini ilitolewa kwenye viungo vya nguruwe na ng'ombe waliochinjwa. Ilihitaji wanyama wengi sana, na haikufanana kabisa na ya binadamu, kwa hiyo miili ya wagonjwa wengine iliikataa. Wataalamu wakatafuta njia nyingine.

"Ndani ya kila kilicho hai kuna maagizo," aliendelea. "Ni kama karatasi ya fundi cherehani yenye vipimo vya nguo. Kila agizo linaitwa jeni. Liko agizo linaloambia mwili wa binadamu namna ya kutengeneza insulini. Watu wa sayansi walinakili agizo hilo moja, wakalitia ndani ya bakteria, au ndani ya hamira inayofanana na ile ya mikate. Bakteria anasoma agizo na kutengeneza insulini. Ni fundi aliyepewa vipimo vyako. Nguo anayoshona ni ya kukutosha wewe."

Peris aliuliza lile lililomtia hofu zaidi. Je, hao bakteria wamo ndani ya chupa?

Sista Gertrude alimwambia hawamo. Bakteria hubaki kwenye matangi ya kiwandani. Insulini hutolewa, husafishwa na kupimwa, na kinachotiwa kwenye chupa ni insulini yenyewe pamoja na maji na dawa kidogo ya kuihifadhi. Inafanana na ile ambayo mwili wake ungetengeneza kama ungeweza. Kisha akamkumbusha chanjo ambazo Abby alidungwa pajani akiwa mtoto mchanga. Mojawapo ilikuwa ya kuzuia homa ya ini, na hiyo pia hutengenezwa kwa hamira iliyopewa agizo.

Peris aliuliza kama hiyo ina maana GMO zote ni nzuri.

"Hapana, sijasema hivyo," Sista Gertrude alisema. "Huu ni ujuzi. Ujuzi unaweza kutengeneza kitu kizuri au kibaya. Kila kitu kinapimwa chenyewe. Insulini imepimwa miaka zaidi ya arobaini, na watu wengi sana duniani wanaishi kwa sababu yake. Hiyo ninaijua. Ya pamba siijui vizuri. Mwulize anayeijua, na usimwache aondoke kabla hajamaliza."

Kabla ya kuondoka alimwambia jambo moja tena. Mtu mwenye kisukari cha aina yake asiache insulini hata siku moja, hata akiwa hawezi kula, hata akiwa na shaka. Akiwa na shaka, apige simu kwanza. Peris alirudia maneno hayo kwa sauti, kama Sista alivyomtaka.

Musyimi aliposikia habari yote, hakukasirika. Alimwuliza kitu kimoja tu.

"Ungekufa kwa ajili ya makofi, Mama Abby?"



Wiki mbili baadaye, Hudson alifika Marungu bila kuitwa. Alikuwa amesikia. Alisimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi, akaomba msamaha. Alisema alitaka kumshinda kwa maneno, hakufikiria kwamba yeye ni mgonjwa anayeitegemea dawa hiyo. Peris alimkaribisha chai. Akamwambia amemsamehe, lakini leo atakaa hadi amalize.

Hudson alikaa hadi jua likageuka.

Alieleza kwamba kile kijidudu cha udongoni kimekuwepo siku zote, na kwamba kwa miaka mingi wakulima wengine wamekuwa wakikinyunyizia mazao kama dawa ya funza. Kina protini inayoharibu tumbo la funza. Tumbo la mtu, la mbuzi au la nyuki si kama la funza, kwa hiyo protini hiyo haiwadhuru. Agizo la kutengeneza protini hiyo ndilo lililotiwa kwenye pamba. Mbegu hizo, alisema, zilijaribiwa kwanza katika mashamba yaliyozungushiwa ua, zikakaguliwa na mamlaka ya serikali, ndipo zikaruhusiwa kuuzwa kwa wakulima wa Kenya.

Musyimi aliuliza kama mbuzi wakila mabua watadhurika. Hudson alisema mifugo katika nchi nyingine imelishwa mbegu za pamba hiyo miaka mingi bila kudhurika. Peris aliuliza kuhusu wanaume kukosa watoto. Hudson alisema utafiti haujaonyesha jambo hilo, na yule aliyeandika ujumbe hakutaja utafiti wowote. Peris aliuliza kuhusu mahindi ya GMO. Hudson alisema mahindi ni chakula, yana mjadala wake, na watu wameyapeleka hadi mahakamani. Yeye amekuja kuzungumza juu ya pamba.

"Sasa niambie ubaya wake," Peris alisema. "Mkutanoni ulituambia uzuri tu."

Hudson alitabasamu kidogo. Ubaya upo, alisema. Mbegu hizo ni chotara. Mtu akihifadhi za mavuno yake akazipanda, hazitazaa vizuri, kwa hiyo lazima anunue mpya kila msimu. Tena zinazuia funza peke yake. Vidukari na wadudu wengine wanaofyonza majani watakuja kama kawaida, na watahitaji kunyunyiziwa. Mvua isiponyesha, zitakauka kama nyingine. Na jambo la mwisho ambalo wakulima hulisahau ni kwamba lazima waache mistari ya pamba ya kawaida karibu. Shamba zima likiwa la pamba mpya, wale funza wachache wasiokufa watazaana wao kwa wao, na baada ya miaka kadhaa funza wote watakuwa wameizoea. Pamba ya kawaida ikiwepo, hao wachache watazaana na funza wa kawaida, na watoto wao wataendelea kuuawa na pamba hiyo.

Peris aliandika yote kwenye daftari la Abby.

Alipoitisha mkutano, aliwaambia wanachama kila kitu, hata kile ambacho kilimwaibisha. Aliwaambia aliwaongoza kwa ujumbe wa simu ambao hakujua ulikotoka. Aliwaambia aliacha dawa ili asionekane mwongo mbele yao, na kwamba siku ya tatu alikuwa karibu kumwacha Abby bila mama. Alisema kama wanataka mwenyekiti mwingine, wachague. Hawakuchagua. Wala hakuna aliyepiga makofi.

Kisha akasema hatamwomba mtu yeyote apande. Yeye na Musyimi watapanda nusu ekari ya mbegu mpya na nusu ekari ya mbegu za kawaida, upande kwa upande, siku moja. Sehemu iliyobaki watapanda ndengu. Kila baada ya wiki mbili, anayetaka aje aone kwa macho yake.

Mvua zilikuja mwanzoni mwa Novemba. Zilinyesha vizuri, ingawa si kwa wingi. Vitumba vilipoanza kukua, wanachama walikuja. Walichuma vitumba kumi kila upande na kuvipasua kwa kisu. Mara ya kwanza, upande wa kawaida walikuta funza kwenye vinne. Upande wa mbegu mpya hawakukuta hata mmoja. Mara ya pili walikuta kwenye saba, na upande wa mbegu mpya kimoja tu, na funza wake alikuwa mdogo, amenyauka. Ndulu alikuwa na mashaka. Alivichagua vitumba mwenyewe, katikati ya shamba, asije akachaguliwa vilivyo vizuri tu. Alipata matokeo yaleyale.

Mwezi wa Februari vidukari waliingia pande zote mbili. Majani yalijikunja na kunata. Baadhi ya wanachama walisema basi mbegu mpya imeshindwa. Peris aliwafungulia daftari na kuwaonyesha mahali ambapo Hudson alisema vidukari watakuja. Musyimi alinyunyiza upande wa mbegu mpya mara mbili msimu mzima. Upande wa kawaida alinyunyiza mara tisa. Aliwaambia watu kwamba, kwa kuwa eneo la kunyunyizia lilikuwa limepungua sana, kwa mara ya kwanza tangu waoane, amelala wiki nzima bila kukohoa.

Walipovuna, walipima hadharani. Nusu ekari ya kawaida ilitoa kilo mia moja sitini, na nyingi zilikuwa na madoa. Nusu ekari ya mbegu mpya ilitoa kilo mia tatu arobaini, nyeupe, zilizofunguka vizuri. Peris aliwakumbusha kwamba huo ni msimu mmoja, wenye mvua nzuri, katika shamba moja.

Msimu uliofuata, watu kumi na wanne walisema watapanda. Wanane walisema bado. Mmoja alikuwa ameacha kilimo. Ndulu alikuwa miongoni mwa wale wanane. Alisimama kwa shida, akasema hajashawishika, na kwamba anajua watu watamcheka kwa kubaki nyuma.

"Hakuna wa kukucheka, Mama," Peris alimwambia. "Shamba lako liko kati ya letu na la Kitheka, na wote tutapanda mbegu mpya. Sisi tunahitaji pamba ya kawaida karibu, funza wasije wakazoea. Ukipanda yako ya zamani, umetusaidia sote. Na sisi tutakuja kukusaidia kunyunyiza."

Ndulu aliketi. Baadaye alimwambia Koki, jirani yake, kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kutokubaliana naye na kumshukuru kwa wakati mmoja.

Peris hakukosa kliniki tena. Mwezi wa nane vipimo vyake vya sukari vilikuwa vizuri kuliko vya miaka mitatu iliyopita. Siku hiyo, alipokuwa anajiandaa kurudi nyumbani, Sista Gertrude alimwomba asubiri kidogo. Kwenye chumba cha pili kulikuwa na mama aliyetoka Mwatate na binti yake wa miaka tisa, Shanice. Mtoto alikuwa ameanza insulini wiki ile. Mama yake aliitikia kila alichoambiwa na wauguzi, lakini jana yake hakumdunga mtoto.

Peris aliingia akasalimia. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, midomo imekauka. Muuguzi alikuwa ameshampima na alikuwa anaandaa sindano. Mama yule aliitazama sindano ile kama mtu anayetazama nyoka.

Peris aliketi karibu naye. Alitoa chupa yake mwenyewe kwenye mkoba, akaiweka juu ya kitambaa magotini. Hakuanza kueleza.

"Mimi niliwahi kuiacha dawa hii kwa siku tatu," alisema. "Niambie, mama, umesikia nini juu yake?"

Mama yule alimtazama usoni, kisha akaitazama chupa. Alianza kusema kwa sauti ya chini. Alisema aliyoambiwa na shangazi yake, na aliyosoma kwenye simu, na aliyoyawaza yeye mwenyewe usiku. Yalikuwa mengi. Peris hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, Peris alimjibu moja baada ya jingine, na pale asipojua alisema hajui, akamwita Sista.

Mwishowe mama yule alimwinua mtoto taratibu na kumfunua mkono. Akamwomba muuguzi ampe sindano, ili amdunge mwanawe kwa mkono wake mwenyewe.